IO500: Supakompyuta Ikimaliza Hesabu, Inaandika kwa Kasi Gani?

Wengi wenu mnaifahamu TOP500, ile orodha ambayo tangu 1993 huzipanga supakompyuta za dunia mara mbili kwa mwaka, Juni na Novemba. Je, mmewahi kujiuliza inapima nini hasa? Hesabu tu. Programu iitwayo LINPACK hutatua rundo la milinganyo, na mashine yenye kasi zaidi ndiyo bingwa. Diski karibu haziguswi.

Sasa, supakompyuta ni maelfu ya tarakilishi zilizounganishwa, na katika maelfu hayo hakukosi moja ya kuharibika. Kazi ya siku kadhaa ikikatika katikati, yote yamepotea. Kwa hivyo programu husimama kila baada ya muda, huandika hali yake kwenye hifadhi, kisha huendelea. Wakati huo wote prosesa za mamilioni ya dola zimekaa kitako zikingoja diski.

Wauzaji wa hifadhi walizoea kutangaza nambari moja: gigabaiti kadha kwa sekunde. Nambari ya kweli, lakini imepimwa kwa faili kubwa kubwa zilizopangwa vizuri. Mwanasayansi mwenye faili ndogo milioni moja haimsaidii kitu.

Mwaka 2017 John Bent, Julian Kunkel na Jay Lofstead walileta IO500. Orodha ya kwanza ilitolewa Novemba mwaka huo kwenye kongamano la SC17 mjini Denver, Marekani. Ujanja wao ndio ulionivutia: hawakumkataza mtu kuonyesha siku yake nzuri, ila walimlazimisha aonyeshe na ile mbaya.

Tazama. Kwanza kuna IOR, programu iliyotoka maabara ya Lawrence Livermore. Katika jaribio rahisi, mshindani anaandika apendavyo. Katika lile gumu, michakato yote inaandika ndani ya faili moja, kwa vipande vya baiti 47,008. Mbona 47,008? Jaribu kuigawanya kwa 4,096, ukubwa wa kawaida wa bloku, uone kama itaingia sawasawa. Haiingii, kwa hivyo majirani wanagongana mipakani. Kisha mdtest inaunda, inakagua na kufuta faili. Sehemu yake ngumu inamwaga faili za baiti 3,901 kutoka kwa kila mchakato ndani ya folda moja. (Fikiria abiria wote wa saa kumi na moja jioni wakigombania mlango wa matatu moja.) Mwisho ni kutafuta faili katika rundo lote hilo. Na kila awamu ya kuandika lazima ichukue angalau sekunde 300, ili data isijifiche kwenye kumbukumbu na kudai imefika.

Alama ndiyo inayonitatiza. Wanachukua kasi ya data kwa gibibaiti kwa sekunde, wanaizidisha kwa maelfu ya oparesheni za faili kwa sekunde, kisha wanatafuta kipeuo cha pili. Mfumo wenye 400 na 400 unapata alama 400. Wenye 100 na 1,600 pia unapata 400! Ukiwa na kazi ya kuandika data nyingi, mifumo hiyo miwili ni tofauti kama mchana na usiku.

Basi alama zikapaa. Oakforest-PACS ya Japani iliongoza orodha ya kwanza kwa alama 101 hivi. Juni 2021, Pengcheng Cloudbrain-II ya Uchina ilipita 36,000. Diski za kuzunguka zilikuwa zimepisha hifadhi za flashi, na programu mpya kama DAOS ya Intel ziliachana na desturi za zamani za kutunza taarifa za faili. Lakini watu wakauliza: mifumo hii inatumiwa na nani kila siku, au imejengwa ishinde tu? Mwaka 2022 orodha ikagawanywa mara mbili, mifumo iliyo kazini upande mmoja na ya utafiti upande mwingine. Novemba 2023, Aurora ya maabara ya Argonne, Marekani, iliongoza upande wa walio kazini kwa zaidi ya 32,000, ikitumia DAOS.

Mimi nikifungua orodha hiyo huiruka safu ya alama, nikaenda moja kwa moja kwenye matokeo ya kuandika ya lile jaribio gumu la IOR.