Kunasa Rangi Majini: Kutoka Mkaa hadi Makumbi

Ujuzi wa kuondoa rangi kwenye maji kwa mkaa ni mkongwe kuliko rangi za viwandani. Mwaka 1785 Johann Tobias Lowitz, mfamasia wa Saint Petersburg, alibaini kuwa unga wa mkaa husafisha mmumunyo wa asidi ya tartariki uliogeuka hudhurungi. Mwanzoni mwa karne ya 19 viwanda vya sukari vya Ulaya vilianza kutumia mkaa wa mifupa ili sukari itoke nyeupe.

Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, akapata rangi ya zambarau. Mwaka uliofuata kiwanda chake kilianza kujengwa Greenford, kando ya mfereji. Viwanda vya Ujerumani vikafuata kwenye kingo za mto Rhine. Mto ulileta maji na kupokea taka. Rangi hizo zilibuniwa zisichuje kwa jua wala sabuni, na kwa sababu hiyo hiyo hazikuoza upesi mitoni. Mwaka 1956 kampuni ya ICI ilileta rangi za Procion, zinazoungana na nyuzi za pamba kikemia. Hata hivyo, sehemu ya rangi huungana na maji badala ya kitambaa, ikaishia mferejini.

Dawa ilikuwepo, ila ghali. Tangu mwanzo wa karne ya 20, hataza za Raphael von Ostrejko zilionyesha namna ya kupata mkaa amilifu kwa kuupitishia mvuke katika joto kali. Mkaa huo hujaa vitundu, hata gramu moja ikawa na eneo linaloweza kuzidi mita za mraba 1,000, ambamo molekuli za rangi hunata.

Gharama ndiyo iliyowageuza watafiti kutazama taka. Mwaka 1976 Poots, McKay na Healy wa Belfast walichapisha majaribio ya kunasa rangi kwa mboji ya mabwawani na kwa mbao. Katika miaka ya 1990, C. Namasivayam na wenzake wa Coimbatore, India, walijaribu moyo wa mgomba, maganda ya machungwa na vumbi la makumbi. Jirani yao ni Tiruppur, mji wa fulana ambao maji yake ya rangi yaliuchafua mto Noyyal, hadi Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru viwanda vya kutia rangi vifungwe.

Taka za mimea zina mipaka. Uso wake huwa na chaji hasi, kwa hiyo hunasa vizuri rangi zenye chaji chanya, kama bluu ya methilini; rangi za Procion, zenye chaji hasi, husukumwa mbali mpaka maji yatiwe asidi au makapi yatibiwe kwanza. Aidha, rangi iliyonaswa haijaangamizwa: makapi yaliyoshiba lazima yachomwe kwa uangalifu, yasafishwe yatumike tena, au yazikwe mahali salama. Urahisi wa bei hupimwa pamoja na gharama hiyo.