Maji, Umeme na Ushuru katika Mji wa Kisangani

Mji wetu umewekwa penye maji mengi. Mto Kongo wapita katikati yake, na mto Tshopo waanguka kwa kishindo si mbali na nyumba za watu. Hata hivyo mama zetu wengi hubeba bidoni kichwani kila siku, na giza likiingia watoto wengi hawana taa ya kusomea. Watu huuliza: Je, kosa ni la nani? Wengine hulaumu mashine, wengine hulaumu vita. Lakini tukiisoma historia ya mji huu, twaona kwamba tangu mwanzo shauri moja halikukatwa kwa haki: nani aamue bomba lipite wapi, na nani alilipie.

Kabla ya Stanley kuweka kituo chake hapa mwaka 1883, Wagenya walikwisha kuwa na desturi njema. Kazi ya kusimamisha miti katika maporomoko ni ya watu wengi. Lakini kila ukoo una mahali pake pa kutega, na mahali hapo hujulikana. Aliyefanya kazi ajua fungu lake.

Serikali ya Wabelgiji ilileta desturi nyingine. Kwa amri ya mwaka 1931 sehemu za mji walizokaa watu weusi zilipewa mkubwa wao, baraza lao na sanduku lao la kodi, mbali na mji wa Wazungu. Basi palikuwa na miji miwili na mifuko miwili. Mfuko wa maskini ulikuwa mdogo, na kazi zake zikawa ndogo. Mwaka huohuo wa 1931 Baba Mtakatifu Pius XI alifundisha ulimwengu kwamba jambo liwezalo kufanywa na jamii ndogo lisinyang'anywe na jamii iliyo kubwa zaidi. Fundisho hilo lilikuwa bado halijafika barazani.

Mwisho wa mwaka 1939 iliundwa Regideso, kampuni ya serikali ya kugawa maji na umeme. Katika miaka ya 1950 ulijengwa mtambo wa umeme kwenye maporomoko ya Tshopo. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, nasi hatuna budi kuisifu. Lakini mtambo ulikuwa katika mji bila kuwa wa mji. Mashauri yake makubwa yalikatwa mbali, huko Léopoldville.

Sheria ya tarehe 26 Machi 1957 iligawa miji katika komini, kila moja na burgumesta na baraza lake. Mwezi wa Desemba 1958 watu wa Stanleyville, kama mji ulivyoitwa wakati ule, walichagua washauri wao. Lakini waliopiga kura ni wanaume tu, waliotimiza miaka 25. Angalieni jambo hili: wale waliochota maji hawakuulizwa neno juu ya maji!

Baada ya uhuru majina yalibadilika. Mwaka 1966 Stanleyville ukawa Kisangani. Mwaka 1970 ikaundwa Snel, kampuni ya umeme, na baadaye Regideso ikabaki na kazi ya maji. Mamlaka yaliendelea kukaa Kinshasa. Kisha, tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa mizinga. Watu wengi walikufa, na mji ukakosa umeme na maji. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa hasara za vita vyake katika Kongo. Lakini madai yaliyohusu hasara ya Snel yalikataliwa, kwa sababu ushahidi haukutosha. Hapo pana fundisho kwa kila baraza, kubwa na dogo: mali isiyoandikwa vizuri ni shida kuidai.

Sasa mlango umefunguliwa kidogo. Katiba ya mwaka 2006 na sheria ya mwaka 2008 zaupa mji na komini mabaraza na bajeti zao. Sheria ya mwaka 2015 juu ya maji yaipa mikoa na miji sehemu ya kazi hiyo. Na tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu Katiba hiyo, wanaume kwa wanawake walichagua washauri wa komini katika miji mikuu ya mikoa, na wa Kisangani pia.

Washauri hao watakutana na shauri lilelile la zamani. Katika miji mingi ya Kongo watu wa mtaa huchanga fedha, hununua nguzo, nyaya, hata transfoma. Kisha kampuni huvichukua vikawa vyake. Wajao nyuma huungwa kwenye waya uleule, na waliotangulia hawarudishiwi kitu. Je, ni haki? Twasema sivyo. Watu hawakatai kuchanga; wakatazwacho ni kuona hesabu.

Tusome kitabu cha Nehemia. Ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya, kila mmoja alipewa fungu lake, wengi mbele ya nyumba zao wenyewe. Makuhani walijenga, mafundi wa dhahabu walijenga, na Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wakuu wa Tekoa tu walikataa kuinamisha shingo zao. Lakini sura mbili mbele twasikia kilio cha maskini walioweka rehani mashamba yao ili walipe kodi. Nehemia hakuwafukuza. Aliita mkutano mkubwa, akawaamuru wakubwa warudishe walichotwaa, na yeye mwenyewe hakula posho ya uliwali.

Basi, ushuru wa kupeleka bomba au waya mtaani waweza kuwa wa haki, lakini kwa masharti. Uamuliwe mbele ya watu, na wanawake wawepo. Upimwe kwa nguvu za kila nyumba, na mjane asitozwe sawa na mwenye duka. Kila alipaye apewe hati. Ajaye nyuma alipe fungu lake, na waliotangulia wapunguziwe. Tena daftari liwekwe mahali ambapo raia yeyote aweza kulifungua.

Nasi Wakristo tusingoje baraza peke yake. Katika kila jumuiya ndogo wako wajuao kusoma na kuhesabu. Waende kwenye mikutano ya komini, waulize kwa adabu, waandike majibu. Mji usiohesabu mali yake utabeba bidoni hata kando ya mto mkubwa.