Muuaji Tunayemwona kwa Kisogo: Filamu na Mauaji ya Kimadhehebu Ireland ya Kaskazini

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili filamu fupi ya dakika 39 iitwayo Elephant, iliyoongozwa na Alan Clarke na kurushwa na televisheni ya BBC mwaka 1989. Sikuwapa utangulizi wowote. Niliwaambia watazame, kisha kila mmoja aandike habari ya gazeti kuhusu tukio lolote kati ya yale aliyoyaona. Zoezi lilikuwa la sarufi tu, kauli ya kutendwa. Nilipokusanya madaftari nikakuta karibu darasa zima limeandika sentensi ileile: mtu mmoja "aliuawa na watu wasiojulikana".

Nilishangaa, kwa sababu katika filamu ile muuaji ndiye tunayefuatana naye kuliko mtu mwingine yeyote. Kamera inamfuata nyuma, tunaona kisogo chake, koti lake, viatu vyake vikigonga sakafu. Anapiga risasi, anaondoka. Kisha kamera inairudia maiti na kukaa hapo muda mrefu hadi mtazamaji aanze kujikunakuna kitini. Mauaji yako 18, hakuna jina la mtu, na maneno yanayosemwa ni machache mno.

Kabla darasa halijatawanyika, mwanafunzi mmoja wa kutoka Masaka aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, sasa Mkatoliki ni yupi?" Siku ile sikumjibu vizuri. Makala haya ni jaribio la pili.

Mgogoro wa Ireland ya Kaskazini ulilipuka mwishoni mwa miaka ya 1960 na ulitulizwa na mapatano ya tarehe 10 Aprili 1998. Watu zaidi ya 3,500 walikufa. Kiini chake kilikuwa siasa: je, jimbo libaki chini ya Uingereza au liungane na Jamhuri ya Ireland? Lakini mpaka wa kisiasa ulifuata kwa karibu sana mpaka wa madhehebu, Waprotestanti wengi upande huu, Wakatoliki wengi upande ule. Na hawa ni watu wa rangi moja, wanaozungumza Kiingereza kilekile na kunywa chai ileile. Anayetaka kumuua mtu kwa ajili ya dhehebu lake lazima kwanza abahatishe. Hubahatisha kwa jina la mtu, kwa shule aliyosoma, au kwa mtaa anaopita usiku.

Mfano unaotisha kuliko yote ni kundi la Belfast lililoitwa Wachinjaji wa Shankill, watu wa jeshi la mgambo la Kiprotestanti la UVF. Katikati ya miaka ya 1970 walizunguka usiku kwa teksi nyeusi wakiteka watu waliodhani ni Wakatoliki kwa sababu ya njia waliyokuwa wakipita, na wengine waliwaua kwa visu. Februari 1976 waliwapiga risasi wanaume wawili ndani ya lori wakidhani ni Wakatoliki. Walikuwa Waprotestanti wenzao. Kundi lilivunjika baada ya mtu mmoja kunusurika Mei 1977. Polisi walimtembeza ndani ya gari katika mitaa ya Shankill, naye akawatambua waliomteka.

Kiongozi wao alikuwa Lenny Murphy. Riwaya ya Eoin McNamee ya mwaka 1994, Resurrection Man, ilimchukua yeye kama kielelezo, na mwaka 1998 Marc Evans akaifanya filamu kwa jina hilohilo. Mhusika mkuu anaitwa Victor Kelly, kijana mtanashati anayependa sinema za majambazi wa Marekani. Giza lipo, damu ipo, muziki upo. Mtazamaji anatoka akiwa na hakika kwamba amemwona mnyama.

Hapo ndipo ninapotofautiana na filamu ile. Murphy halisi alifungwa kwa kosa la silaha, na alikuwa gerezani mauaji yalipokuwa yakiendelea. Inasemwa kwamba aliagiza akiwa ndani, lakini mkono ulioshika kisu nje ulikuwa wa wengine. Februari 1979 mahakama iliwatia hatiani wanaume 11 kwa mauaji 19, na Murphy hakuwamo. Aliuawa na IRA mwaka 1982 bila kuhukumiwa kwa mauaji hayo. Mwendawazimu mmoja tunaweza kumkubali. Wanaume 11 wenye kazi zao, wake zao na baa zao za Jumamosi ni jambo jingine. Filamu ya mnyama inawaambia majirani: lala salama, wewe si yeye.

Nakiri kwamba sinema haikuwatendea wauaji wote hivyo. Tangu Odd Man Out ya Carol Reed ya mwaka 1947, mpiganaji wa upande wa Wakatoliki mara nyingi amepewa nafsi, majuto na mwanamke wa kumlilia. Cal ya mwaka 1984 ni mfano mzuri: kijana aliyeendesha gari siku polisi alipouawa anampenda mjane wake. Mprotestanti akaachiwa kisu. Mgawanyo huo wenyewe una harufu ya umadhehebu.

Cal ilitokana na riwaya ya Bernard MacLaverty, na ndiye aliyeufananisha mgogoro ule na tembo aliyekaa sebuleni huku wenye nyumba wakijifanya hawamwoni. Jina la filamu ya Clarke lilitoka hapo.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Swali lake, "Mkatoliki ni yupi?", ndilo swali lililoulizwa ndani ya teksi nyeusi. Clarke anakataa kulijibu kwa makusudi, na mtazamaji anajikuta akilitafuta jibu kwenye nguo na sura za watu, kama walivyofanya wauaji. Simlaumu kijana, nami nilipoiona mara ya kwanza nilifanya vivyo hivyo. Tena sisi wa Uganda tusijifanye wageni wa jambo hili. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Waganda wa lugha moja na koo zilezile walipigana wakiwa kambi mbili: Wakatoliki wakiitwa Wafaransa na Waprotestanti wakiitwa Waingereza, kwa kufuata wamisionari wao. Kapteni Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki na kuwafyatulia wenzao Maxim. Wakatoliki walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, na katika mapatano ya baadaye wakapewa Buddu, ndiko Masaka iliko. Filamu ya siku hiyo sijaiona.

Hata hivyo, Elephant nayo ina upungufu. Kwa kufuta sababu zote, inafanya mauaji yaonekane kama mvua. Filamu iliyonisaidia kujaza pengo hilo ni Five Minutes of Heaven ya mwaka 2009, ya Oliver Hirschbiegel, Mjerumani aliyewahi kuongoza filamu ya siku za mwisho za Hitler. Inaanzia mji wa Lurgan mwaka 1975. Alistair Little, mvulana wa UVF wa miaka 17, anamuua kwa risasi kijana Mkatoliki wa miaka 19 nyumbani kwao, mbele ya mdogo wake anayecheza mpira nje. Tukio hilo ni la kweli. Sehemu ya pili, wanapokutana utu uzimani, ni ya kubuni, kwani mwandishi Guy Hibbert aliongea na kila mmoja peke yake.

Mwanzo wake ndio unaonivutia zaidi. Muuaji anaonekana chumbani kwake, nyumba ya wazazi wake, akijiandaa kama anayekwenda dansi. Baadaye, akiwa mtu mzima, anaeleza kwamba alitaka kuingia baa akapigiwe makofi, na kwamba aliyeweza kumzuia ni mtu wa upande wake mwenyewe. Mtu huyo hakutokea.

Wiki iliyofuata niliwarudishia wanafunzi madaftari. Niliwataka waandike upya habari ileile kwa kauli ya kutenda, na maneno "watu wasiojulikana" yasitumike. Wengi walilalamika kwamba filamu haikuwapa jina la muuaji. Yule wa Masaka hakulalamika. Hakumpa muuaji wake jina wala dhehebu. Aliandika kwamba kijana aliamka, akanywa chai, mama yake akamkumbusha avae koti kwa kuwa nje kulikuwa na baridi, na jirani akampungia mkono alipokuwa akifungua geti.