Nateete: Karakana ya ‘Mzungu wa Kazi’

Nateete, mtaa ulio katika tarafa ya Lubaga, magharibi mwa Kampala, hujulikana leo kwa soko lake na msongamano wa magari. Katika karne ya 19 palikuwa na karakana ambamo vitu vingi vilitengenezwa kwa mkono, kwa vifaa vilivyopatikana papo hapo.

Mwenye karakana hiyo alikuwa Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland aliyezaliwa mwaka 1849 na kutumwa na shirika la Church Missionary Society. Alifika Buganda mwezi Novemba 1878, enzi za Kabaka Mutesa I. Kabla ya kukimudu Kiganda, alitumia Kiswahili ikuluni, na humo alisoma Injili iliyotafsiriwa Zanzibar na Askofu Edward Steere.

Ufundi haukuwa mgeni Buganda. Wahunzi wake walikuwa wakifua chuma tangu zamani, na mkuu wa wahunzi wa Kabaka alikuwa na cheo chake, Walukaga. Kilichowavuta watu kwa Mackay kilikuwa mashine ya kukerezea, jiwe la kunolea lizungukalo, na magurudumu.

Alipochimba kisima na kukiwekea pampu, waliokuja kutazama walidhani maji yanapandishwa na nguvu za mizimu. Mackay aliwaeleza kwamba hakuna uchawi: kila mpini unaposukumwa, maji huingia ndani ya bomba, na vali huyazuia yasirudi chini.

Mwaka 1882 mama yake Kabaka, Namasole Muganzirwazza, alifariki dunia. Mutesa alimtaka Mackay atengeneze majeneza matatu makubwa, moja ndani ya jingine, la kati likiwa la shaba.

Hata hivyo, kazi yake iliyoacha alama kubwa zaidi ilikuwa ndogo kwa umbo. Vitabu vilikuwa adimu, basi alichonga herufi za mti na kupiga chapa kurasa za kujifunzia kusoma. Waliojifunza waliitwa ‘abasomi’, yaani wasomaji, na jina hilo likaja kuwa la hatari. Tarehe 31 Januari 1885, wakati wa utawala wa Kabaka Mwanga, vijana watatu wa misheni hiyo waliuawa kwa kuchomwa moto Busega, jirani na Nateete.

Mackay aliondoka Buganda mwezi Julai 1887 na kuhamia Usambiro, kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo. Huko aliendelea na uchapaji na ufundi hadi alipofariki kwa homa tarehe 8 Februari 1890.

Waganda walimwita ‘Muzungu wa Kazi’. Mabaki yake yalihamishiwa baadaye Namirembe, kilima kilichomo Lubaga, si mbali na mahali palipokuwa na karakana yake.