Lugha ya Kuanzia

Kijana anayetaka kuandika programu za kompyuta huuliza kwanza: lugha yangu ya kwanza iwe ipi? Mimi hukwama kwenye hayo maneno, "lugha ya kwanza". Wanaisimu walishayachukua zamani. Lugha ya kwanza ni ile uliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama, na hakuna aliyeichagua.

Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na mji wa Dadaab nchini Kenya, lugha hiyo kwa wengi ni Kisomali. Hata jina la kambi lina dhagax ndani yake, yaani jiwe. Shuleni mtoto huongezewa Kiswahili na Kiingereza. Mtu wa lugha tatu ukimwambia achague ya kwanza, unamtisha bure, kana kwamba akiingia hatoki. Napendekeza tuseme lugha ya kuanzia. Unaanzia hapo, kisha safari inaendelea.

Ya kuanzia, kwa maoni yangu, ni Python. (Tusiiite Chatu: Guido van Rossum, aliyeitoa mwaka 1991, aliipa jina la kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.) Maneno yake ya lazima hayafiki 40. Ni ya Kiingereza, ndiyo, lakini majina mengine unayabuni mwenyewe, kwa Kisomali au Kiswahili ukipenda.

Chukua jerikeni ya lita 20 chini ya bomba. Unaandika jerikeni = 0, baadaye jerikeni = 20. Jina ni lile lile, kilichobadilika ni maji. Kiswahili kina neno kigeu kwa kitu hiki, na nalipenda kwa sababu kugeuka kumo ndani yake, mtoto hahitaji kufafanuliwa.

Neno if lina kazi zaidi. Msomali atasema haddii. Mswahili atakimbilia "kama", na hapo pana shida: kama ni sharti, kama ni mfano, tena kama ni makadirio, "kama lita kumi". Sisi huelewana kwa muktadha. Kompyuta haina subira hiyo, kwa hiyo darasani ningefundisha "ikiwa". Ikiwa jerikeni imejaa, funga bomba. Mwanafunzi akishaisema hivyo kwa sauti, mara mbili tatu, mkono wake utaandika wenyewe:

if jerikeni == 20: print("Funga bomba")