Ngome ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, Ibo: Sheria, Magendo na Kifungo

Wareno walijenga ngome hii yenye umbo la nyota mwaka 1791 ili kuilinda bandari ya kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, iliyokuwa ikitajirika kwa watumwa na pembe za ndovu. Desemba 1836 Ureno ilipiga marufuku kusafirisha watumwa, lakini sheria iliyoandikwa Lisbon haikuwatisha wafanyabiashara wa visiwa vya Quirimba. Kwa miaka mingi watu waliendelea kupakiwa vyomboni kwa magendo, nao maofisa wakifumba macho au kupokea chao.

Kuanzia miaka ya 1890 hadi 1929 pwani hii ilitawaliwa na Kampuni ya Niassa, iliyokabidhiwa na Ureno mamlaka ya kutoza kodi na kuwa na polisi wake. Kosa lililowaponza wengi halikuwa wizi wala mauaji, bali kushindwa kulipa kodi ya nyumba. Asiye na fedha alichukuliwa kufanya kazi za shuruti. Wengi hawakungoja kukamatwa: walivuka mto Ruvuma, mpaka wa kaskazini, usiku na jamaa zao.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, polisi wa siri wa Ureno, PIDE, waliifanya ngome gereza la kisiasa. Walioshukiwa kuiunga mkono FRELIMO, harakati iliyopigania ukombozi huo, walisongamanishwa katika vyumba hivi vinavyouzunguka ua, hatua chache tu kutoka langoni, ambapo sasa masonara wa Ibo hufua mikufu ya fedha. Wapo waliofia humu. Utawala wa PIDE ulivunjika baada ya mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974.