Masta silinda ya njia mbili: somo kutoka mteremko wa Sachangwan

Leo tupumzishe kompyuta kidogo tuingie gereji. Wapenzi wa programu msikimbie, tutarudi kwenu kabla sijamaliza.

Nina Beetle ya 1965 niliyoachiwa na mjomba. Siku moja nikitoka Mau Summit kurudi Nakuru, katikati ya mteremko wa Sachangwan, nilikanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni. Nikakanyaga tena, hamna kitu. Nikaingiza gia ya tatu, kisha ya pili, huku nikivuta breki ya mkono polepole. Gari likasimama pembeni, miguu yangu ikitetemeka.

Kosa? Paipu ya raba ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imepasuka. Moja tu! Sasa mbona magurudumu mengine matatu nayo yaligoma?

Jibu liko kwenye historia.

Beetle za kwanza zilifunga breki kwa nyaya. Breki za mafuta zilikuwepo tayari: Malcolm Loughead alizibuni Marekani, na Duesenberg ikaziweka kwenye magurudumu yote manne mwaka 1921. Volkswagen iliziweka kwenye Beetle aina ya Export mwaka 1950. Uzuri wake ni kanuni ya Pascal: ukisukuma mafuta yaliyofungiwa, msukumo hufika kila upande kwa nguvu ileile. Ubaya wake ni kanuni hiyohiyo. Tobo likitokea mahali popote, msukumo hupotea kila mahali.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: seva moja ikilala, wateja wote wanalala nayo.

Na bado watu walikimbiza magari hayo. Beetle zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, wakati kiwanda kilikuwa bado kinazitoa na masta ya njia moja. Ukiteremka leo ile barabara ya Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano miaka ya 1940, hebu wafikirie madereva hao.

Mabadiliko yalianza na Cadillac za 1962, zilizokuwa na masta ya njia mbili. Kisha sheria ya usalama ya Marekani, kuanzia 1 Januari 1968, ikalazimisha magari mapya kugawanya breki. Volkswagen ilitangulia kidogo: Beetle za soko la Marekani zilipata njia mbili kuanzia modeli ya 1967. Yangu ilikosa kwa miaka miwili.

Basi fundi wangu hapa Nakuru akaniambia, "Kijana, usinunue paipu peke yake. Badilisha na masta." Nikamsikiliza mzee.

Masta mpya ina pistoni mbili zinazofuatana ndani ya silinda moja. Moja husukuma mafuta ya magurudumu ya mbele, nyingine ya nyuma, na kibuyu cha mafuta kimegawanywa. Upande mmoja ukivuja, pedali huzama zaidi, lakini upande wa pili hushika.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kipenyo: ya zamani ni milimita 17.46, mpya 19.05. Piga hesabu ya eneo utaona mguu unahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 19, ingawa pedali husafiri kidogo. Pili, acha nafasi ya milimita 1 hivi kati ya fimbo ya pedali na pistoni. Bila nafasi hiyo, mafuta hushindwa kurudi kwenye kibuyu na breki hubaki zimeshika.

Je, sasa niko salama? Hapa ndipo wengi wetu hujidanganya. Njia mbili zinalinda dhidi ya kuvuja, si dhidi ya joto. Ukishuka Sachangwan mguu ukiwa kwenye breki, ngoma zote nne zinachemka pamoja. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa kustahimili angalau nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka, ni mvuke, na mvuke hubanwa kama sponji. Njia zote mbili zinakufa kwa sababu moja. Ni sawa na kuweka nakala ya pili ya data kwenye chumba kilekile kitakachoungua.

Kwa hiyo mafuta nabadilisha kila baada ya miaka 2, na mteremkoni nashuka na gia ya chini. Wale wanaoweka gari "free" kuokoa petroli wanatupa breki ambayo haihitaji mafuta yoyote.

Na siku ile, kilichonisaidia pamoja na gia ni nini? Breki ya mkono: waya mtupu, teknolojia ileile iliyoachwa mwaka 1950. Ilikuwa na njia yake yenyewe. Kabla hujafuta mfumo wa zamani, hakikisha si huo unaokubeba mpya akianguka.